Faraja Inayopiga Kelele

Mtu akikiri kwamba ana msongo wa mawazo hupewa ushauri uleule: punguza simu, kunywa maji, lala mapema, sikiliza muziki laini. Watangazaji wa vipindi vya usiku huutoa, mitandao ya kijamii huutoa, hata baadhi ya wahubiri huutoa kwa namna yao. Sina ugomvi na maji wala usingizi. Ugomvi wangu uko kwenye hilo la mwisho, kwa sababu limeshachukuliwa kuwa jambo lisilohitaji kuulizwa, ilhali wapo watu wengi, na wengine tunaishi nao hapahapa Mwanza, ambao muziki laini ukiwakuta wamejaa mawazo huwazidishia. Wanachotafuta ni kitu kizito: ngoma za kompyuta zinazokwenda mbio kuliko moyo, gitaa lililokazwa sauti hadi likageuka mngurumo, mtu anayepiga ukunga badala ya kuimba, au mvumo mmoja wa besi unaodumu dakika kumi na tano bila kubadilika. Wakimaliza kusikiliza, mabega yanashuka.

Nawatetea watu hawa, na si kwa hoja nyepesi kwamba kila mtu ana ladha yake. Nasema wanachokifanya kina mantiki, na kwamba pwani hii ya ziwa ilikwishakijua kabla haijaona waya wa umeme.

Pale Makoroboi kuna fundi simu mmoja kijana ambaye meza yake haizidi upana wa mlango. Juu yake pana taa ya kuinama, kopo la mafuta ya kusafishia bodi, waya wa lehemu na simu za watu zilizofunuliwa matumbo. Sikio la kushoto ameliacha wazi kwa ajili ya wateja, la kulia lina hedifoni, na ndani ya hedifoni hiyo kuna sauti ambayo ukiisikia kwa mbali utadhani kifaa kimeharibika. Mwaka jana aliingia kwenye mkopo wa kausha damu ili alipe kodi ya fremu. Anayejua mikopo hiyo anajua marejesho yake ni ya kila siku, mvua inyeshe isinyeshe, mteja aje asije. Nilimuuliza anapataje utulivu na kelele zile. Akajibu bila kuinua macho kwenye bodi: "Kaka, nyimbo za taratibu zinaniacha na mawazo yangu. Hii inayachukua."

Jibu hilo limebeba zaidi ya yanavyobeba maelezo mengi niliyowahi kusoma juu ya jambo hili.

Muziki aliokuwa akiusikiliza ni wa kundi la Duma kutoka Nairobi: Martin Kanja kwenye sauti na Sam Karugu kwenye gitaa na mitambo. Albamu yao yenye jina la kundi lenyewe ilitoka Agosti 2020, mwaka ambao sehemu kubwa ya dunia ilikuwa imejifungia ndani, chini ya lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Ni metali, ule muziki wa magitaa yanayonguruma, ya mwendo wa kasi iliyochanganywa na midundo ya kompyuta iliyokatwakatwa, na juu yake koo la mwanadamu likisukumwa hadi mwisho wake. Kanja, anayejiita sasa Lord Spikeheart, alitoa albamu yake binafsi, The Adept, mwaka 2024, akimuenzi Muthoni wa Kirima, bibi wa ukoo wake, aliyepigana msituni na Mau Mau hadi akapewa cheo cha Field Marshal, na aliyefariki 2023. Nalitaja hilo kwa makusudi. Wengi wakisikia ukunga ule hudhani ni vijana wanaoiga wazungu wenye nywele ndefu. Kumbe mmoja wao anapiga ukunga kwa ajili ya bibi aliyeishi miaka msituni akiwindwa na serikali ya kikoloni.

Na Duma hawako peke yao ukanda huu. Lebo hiyohiyo ya Kampala ndiyo iliyotoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso mwaka 2017, uliotoa singeli ya studio ya Sisso, Mburahati jijini Dar es Salaam, na kuipeleka kwenye masikio ya ulimwengu. Singeli ina mapigo kati ya 200 na 300 kwa dakika. Wanaosema Mtanzania hana sikio la muziki mkali hawajawahi kusimama kwenye kigodoro cha uswahilini saa sita usiku. Sisemi singeli ni muziki wa giza. Nyingi ni ya furaha na utani. Nasema tu kwamba mwili wa Mtanzania unajua kuingia kwenye kasi ya kutisha na kutoka humo ukiwa mwepesi.

Halafu kuna upande wa pili wa muziki huu, ule usio na kasi kabisa. Joseph Kamaru wa Nairobi, anayetumia jina la KMRU, ni mjukuu wa mwanamuziki mkongwe wa Kikikuyu wa jina hilohilo aliyefariki 2018. Albamu yake Peel ilitoka 2020, nayo imejengwa kwa sauti alizozirekodi mwenyewe mitaani na mahali pengine, kisha akazivuta na kuzirundika zikawa mvumo mrefu usio na mdundo. Ukiusikiliza haraka haraka utasema hakuna kinachotokea. Ukikaa nao, hasa ukiwa umebeba jambo kifuani, unagundua kwamba kuna mtu ametengeneza mahali pa kuliweka.

Kwa nini inakuwa hivyo? Mwaka 1948 daktari wa akili wa Marekani, Ira Altshuler, aliandika kanuni ambayo watabibu wa muziki wanaitumia hadi leo: anza na muziki unaofanana na hali aliyonayo mgonjwa, halafu umsogeze polepole kuelekea unakotaka afike. Ukimkuta mtu moyo unamdunda na meno ameyauma, ukamwekea filimbi za taratibu, umemwambia mwili wake kwamba unadanganya. Mwili haukubali. Unabaki palepale, na sasa umeongezewa aibu ya kushindwa kutulia. Muziki mkali unamkuta mtu pale alipo. Kasi yake inafanana na kasi iliyomo kifuani, na kile kinachotoka kwenye spika kinasema hali ni mbaya kama unavyoihisi, hujakosea.

Anayejua kuhani msiba anaelewa. Jirani mwema hafiki kwenye turubai akamwambia mfiwa asilie. Anakaa mkekani, analia naye kama machozi yapo, ananyamaza naye kama hayapo, na haondoki kwa sababu mambo ni mazito. Muziki wa namna hii hukaa na mtu vivyo hivyo. Muziki wa kubembeleza, kwa wengine, unafanya kama yule mgeni anayeingia msibani na tabasamu akihimiza watu wachangamke.

Jambo jingine ni nafasi. Mawazo ya deni, ya ada, ya mgonjwa aliyelazwa, yana tabia ya kuzunguka. Saa nane usiku yanarudi yaleyale kwa mpangilio uleule, na deni halipungui hata senti kwa kulizungusha. Wimbo laini wenye maneno machache unaacha nafasi kubwa ya mzunguko huo kuendelea chini yake. Sauti nzito iliyojaa, yenye tabaka juu ya tabaka, inadai umakini wote. Sikio likifuata ngoma, linakutana na mkwaruzo. Likifuata mkwaruzo, linakuta sauti nyingine nyuma yake. Hapo ndipo lile neno la fundi wetu, "inayachukua", linapopata uzito wake. Mawazo hayajatatuliwa, ila yameondolewa usukani kwa nusu saa, na mtu aliyepata nusu saa ya namna hiyo anaweza kurudi kwenye tatizo lake akiwa na nguvu ya kulitazama.

Kuna na suala la mamlaka, na hili naliona kubwa kuliko yote. Watu wa mji huu tunaijua sauti nzito isiyo chini ya mamlaka yetu. Ziwa Victoria lina kilomita za mraba zipatazo 68,800, na hali yake ya hewa ina utaratibu wake. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, upepo unatoka ziwani kwenda bara. Usiku unageuka: unatoka bara pande zote na kukutana katikati ya ziwa, juu ya maji yenye joto, na hewa yenye unyevu inapanda juu na kujenga mawingu ya radi. Ndiyo maana ngurumo za ziwani ni za usiku hadi karibu na alfajiri, saa zilezile ambazo wavuvi wa dagaa wako majini na taa zao, kwa kuwa dagaa huvuliwa giza linapokuwa limekolea. Aliyelala Igombe au Kirumba huku mumewe au kijana wake yuko huko hasikii ngurumo kama sisi wengine tulio na paa na watu wetu wote ndani. Na huu ni mkoa uliopoteza mamia ya watu MV Bukoba ilipozama 21 Mei 1996, ikapoteza tena zaidi ya mia mbili MV Nyerere ilipopinduka karibu na Ukara 20 Septemba 2018. Vyombo vyote viwili vilikuwa vimejaza kupita uwezo wake. Hofu ya maji hapa ina majina ya ndugu ndani yake.

Sasa mpe mtu aliyeishi na hofu hiyo mvumo mzito wa besi unaotikisa kifua, lakini kitufe kiwe mkononi mwake. Ni sauti ileile ya chini, mtetemo uleule, ila hakuna anayezama. Anaweza kuipandisha, kuishusha, kuisimamisha katikati, kuirudia. Simu ya mdai haina kitufe cha namna hiyo. Barua ya kupunguzwa kazini haina. Majibu ya vipimo hayana. Katika maisha ambayo mambo mazito yote yanakuja bila kubisha hodi, muziki huu ni jambo zito moja ambalo mtu amelialika mwenyewe. Usiku ambao umeme umekatika na radi inapiga upande wa Ukerewe, nimesikiliza Peel na hedifoni hadi nikashindwa kutofautisha mvumo wa ndani na wa nje. Sikuwa na hofu. Nilikuwa nimeshika kitu.

Wapo watakaosema hii ni falsafa ya kuagizwa. Basi tuangalie nyumbani.

Bugobogobo ya Wasukuma leo tunaiona kwenye sherehe za kukaribisha viongozi, wachezaji wakirusha majembe hewani na kuyadaka. Asili yake ni shambani. Ngoma kubwa zilipigwa wakati wa kulima kwa pamoja, jua likiwaka, ardhi ikiwa ngumu, na kazi ikiwa ya kuvunja migongo. Fikiri sauti waliyochagua wazee wale. Kazi ilikuwa kali na ngoma ikawa kali kuipita, ukubwa wa sauti ukabeba uchovu ambao mikono peke yake isingeubeba. Wangeweza kuchagua wimbo wa kubembeleza mtoto, nyimbo hizo walikuwa nazo. Hawakuchagua. Na kwenye mashindano ya Bagalu na Bagika, vyama vya ngoma vilivyoanza karne ya 19, pande mbili hupiga na kucheza kwa wakati mmoja na umati ndio unaoamua kwa miguu yake uende wapi. Wapo bayeye wanaocheza na nyoka shingoni. Kutisha ni sehemu ya sanaa hiyo, na watu huenda na watoto wao kutishika pamoja, kisha hurudi nyumbani wakicheka.

Vuka kwenda Rorya, mkoani Mara. Wajaluo wa huko na ndugu zao wa ng'ambo ya mpaka wana desturi ya tero buru anapofariki mzee. Wanaume wanashika mikuki na ngao, wanaswaga ng'ombe, ngoma na pembe zinalia, wanakimbia hadi nje ya makazi kama watu wanaokwenda vitani, maana wanakwenda kukifukuza kifo chenyewe. Makanisa mengi yameipinga desturi hiyo na sehemu nyingine imefifia. Lakini tazama ilivyoelewa huzuni. Haikumwambia mfiwa atulie. Iliipa hasira yake vumbi, mwendo, kelele na watu wa kukimbia nao.

Hata muziki wa majaribio wenyewe, huu wa mitambo, ulipitia Afrika mapema kuliko vitabu vingi vinavyokubali. Mwaka 1944 Mmisri Halim El-Dabh, kijana wa miaka ishirini na ushei, aliazima kinasa sauti cha waya jijini Cairo, akaenda kurekodi sherehe ya zaar, ile ngoma ya wanawake ya kuwatuliza pepo ambayo watu wa Pwani yetu wataitambua mara moja kwa kupunga kwao. Kisha akaichakata sauti ile kwa mwangwi na kuchuja hadi maneno yakayeyuka na kubaki mvumo. Ilikuwa miaka 4 kabla Pierre Schaeffer wa Paris hajarusha hewani kazi zake za kelele mwaka 1948, ambazo ndizo wengi huzihesabu kuwa mwanzo. Kwa hiyo moja ya kazi za kwanza kabisa za muziki wa kielektroniki duniani ilitokana na ngoma ya uponyaji, ngoma ya watu waliozidiwa, wanaopigiwa sauti kubwa usiku kucha hadi kitu ndani yao kilegee. Sioni kama hilo ni bahati nasibu. El-Dabh alienda pale ambapo sauti ilikuwa inafanya kazi.

Pingamizi zito zaidi halitoki kwa wanaodai huu ni uzungu. Linatoka kwa wazazi na viongozi wa dini wanaosikia ukunga na kuona picha za giza, wakahitimisha kwamba kijana ameingiliwa. Siwadharau. Mzazi anayemwona mwanawe akijifungia chumbani na sauti zile ana haki ya kuogopa. Mwaka 2018 waziri wa maadili wa Uganda, Simon Lokodo, alitaka kulifuta tamasha la Nyege Nyege la Jinja, pale Nile inapotoka kwenye ziwa hili, akitaja maadili. Tamasha likaendelea baada ya masharti kuwekwa. Hofu hiyo haitoki hewani.

Lakini nawaomba wazazi Wakristo wa mji huu wafungue Zaburi ya 88 na kuisoma hadi mwisho. Zaburi nyingi za maombolezo huanza na kilio zikaishia na shukrani. Hii haifanyi hivyo. Inalia tangu mstari wa kwanza na inaishia gizani, bila sifa, bila ahadi, bila neno la kutia moyo. Na imo kwenye Biblia. Waliokusanya maandiko hayo waliona kwamba mtu aliye shimoni anahitaji pia maneno ya shimoni, na kwamba kumpa maneno hayo si kumfundisha kukufuru. Simwambii mama yeyote wa Kitangiri aache kwaya yake. Namwambia kwamba mwanawe anayesikiliza mngurumo huenda yuko kwenye Zaburi ya 88, na hakuna aliyemuuliza.

Utafiti nao upo, ingawa ni mdogo na nisingependa uzidishiwe uzito. Mwaka 2015 Leah Sharman na Genevieve Dingle wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, waliwachukua wapenzi 39 wa muziki mkali wenye umri wa miaka 18 hadi 34, wakawakasirisha kwa kuwataka wasimulie mambo yaliyowahi kuwaudhi, kisha wakawagawa: nusu wakasikiliza muziki wao kwa dakika 10, nusu wakakaa kimya. Mapigo ya moyo ya waliokuwa na muziki hayakushuka wakati wakisikiliza, lakini hayakupanda zaidi, na uadui, kukereka na msongo wao vikapungua. Waliokaa kimya nao walitulia. Tofauti ni kwamba wa muziki walitoka wakijisikia wachangamfu na wenye ari zaidi. Kwa maneno mengine, muziki mkali haukumwaga petroli kwenye hasira, kama tunavyoambiwa. Ulikwenda sambamba nayo na kuwaacha watu wakiwa na nguvu. Kumbuka tu kwamba wote walikuwa wapenzi wa muziki huo. Mchukue asiyeupenda umfungie humo dakika kumi, utamwongezea maradhi. Ndiyo maana nawakatalia pia wale mashabiki wanaoutangaza kama dawa ya kila mtu.

Na kuna mahali ambapo nami nasita. Faraja ina alama zake. Mtu akisikiliza, akatoka, akaoga, akaenda kazini, akampigia simu mdai wake wakapanga upya, muziki umemtumikia. Lakini akisikiliza kwa sababu tu unathibitisha kwamba hakuna kitakachobadilika, akaacha kula, usingizi ukakata wiki nzima, akaanza kuzungumza kana kwamba wenzake watakuwa bora asipokuwepo, hapo tumetoka kwenye mambo ya muziki. Hapo anahitaji mtu wa kumshika mkono na kupanda naye kilima cha Bugando amwone daktari, leo, bila kusubiri mwisho wa mwezi. Kumnyang'anya hedifoni hakutasaidia, na kumwachia nazo peke yake hakutasaidia.

Masikio pia hayarudi. Shirika la Afya Duniani linasema sauti ya desibeli 80 ni salama kwa saa 40 kwa wiki, lakini ikifika 90 salama yake ni saa 4 tu kwa wiki nzima. Muziki wa aina hii unavutia mtu apandishe, kwa kuwa utamu wake mwingi uko kwenye kuuhisi mwilini. Afadhali ununue spika moja yenye besi nzuri na kukaa karibu nayo kwa sauti ya wastani kuliko kusukuma hedifoni za bei chee hadi mwisho. Fundi wangu wa Makoroboi, anayeacha sikio moja wazi, aghalabu hulipandishia lile jingine. Nilimwambia. Alinisikia, sijui kama alinisikiliza.

Kinachoniuma hasa ni upweke wa wasikilizaji hawa. Bugobogobo ilipigwa kwa ajili ya kundi. Tero buru haikimbiwi na mtu mmoja. Zaar ina duara la wanawake. Ngoma hizi zote kali za kubeba mzigo zilikuwa na watu, na sehemu kubwa ya uponyaji wao ilikuwa hapo, kwenye kuona kwamba jirani yako naye anatetemeka. Kijana wa Mabatini mwenye albamu ya Duma kwenye simu ana sauti bila duara. Anasikiliza chini ya shuka au nyuma ya meza ya kazi, akiificha kwa mama, kwa mchungaji, kwa bosi, na wakati mwingine kwa mchumba. Nairobi, Kampala na Jinja wana majukwaa. Sisi, jiji la pili kwa ukubwa nchini, lililokaa katikati ya vijana wa mikoa yote ya Kanda ya Ziwa, hatuna hata usiku mmoja kwa mwaka unaojulikana kuwa ni wao.

Na mahali papo. Kila mwaka majira ya Juni, wakati wa sikukuu ya Ekaristi, watu hukusanyika Bujora, Kisesa, mwendo mfupi kutoka mjini kwa barabara ya Musoma, kwa ajili ya Bulabo, tamasha la ngoma za Wasukuma. Makumbusho ya Wasukuma yako palepale, ngoma zipo, wapigaji wapo, na umati umeshazoea kuchagua kati ya sauti mbili zinazoshindana. Mapadri walioiasisi Bujora miaka ya 1950 hawakuiogopa ngoma wakati wenzao wengi waliiogopa. Waliipa uwanja karibu na kanisa. Wenye kuiandaa Bulabo leo wanaweza kutenga saa mbili za jioni moja, kabla ya saa 4 usiku ili majirani walale, sauti isizidi wastani wa desibeli 100 ambao Shirika la Afya Duniani liliuweka mwaka 2022 kwa kumbi na matamasha, na vizibo vya masikio vigawiwe mlangoni. Vijana wenye kompyuta, magitaa na makoo yao waalikwe kutoka Mwanza, Musoma, Bukoba, Kampala na Nairobi. Wapiga bugobogobo waanze wao, na hao vijana waingie na mitambo yao ngoma zikiwa bado zinapigwa, wasisubiri zamu.